Vidonge vya Akiba vya Leta

Orysia Hnatiuk, muuguzi wa utafiti katika kliniki yetu hapa Winnipeg, hajui kukaa. Mimi ndiye wa mapokezi, na nimemwona kitini mara chache mno. Hata kahawa huinywa akitembea. Lakini Jumamosi ile alinitia kizunguzungu.

Jana yake alikuwa amemwandikisha Leta Friesen, mke wa mkulima, kwenye utafiti wa dawa za maumivu kwa wanawake wanaotoa mimba kwa vidonge nyumbani. Wengine hupewa pakiti yenye dawa, wengine pakiti ya vidonge vitupu, na hakuna anayejua ipi ni ipi, hata Orysia. Ndiyo maana kila mwanamke huondoka pia na vidonge vya akiba, vya kweli, avinywe akizidiwa.

Sasa Leta hapokei simu.

Orysia alitoka uani kuchomoa waya wa umeme unaopasha injini ya gari isigande kwa baridi, tayari kumfuata Leta, akarudi, akatoka tena kuuchomeka.

"Mimi ndiye niliyembembeleza aingie," alisema. "Na aliniomba asije mtu. Kule wanajuana wote."

"Mwanamke wa shamba yule. Labda yuko kwa ng'ombe."

"Ng'ombe gani na tumbo hilo? Hebu ninyamazie, Gwyneth!"

Niliudhika, lakini nikamsogezea simu, maana na mimi nilikuwa na hofu. Akapiga tena. Safari hii ikapokelewa, nami nikasogea nisikie.

"Samahani, muuguzi. Nilikuwa sakafuni bafuni, simu iko jikoni."

"Damu je? Inatoka nyingi?"

"Kama ulivyoniambia tu. Haijazidi."

"Na maumivu, sifuri mpaka kumi?"

"Kumi. Tangu asubuhi."

"Vidonge vya akiba havikusaidia?"

"Sijavigusa." Leta alivuta pumzi. "Nilitaka utafiti wenu usiharibike."

Orysia akakaa. Si kitini, sakafuni pale pale, mgongo kwenye kabati la dawa.

"Kunywa sasa hivi, mwanangu. Siendi popote, nakusikiliza."

Tukasikia bomba likifunguliwa, glasi ikigonga sinki. Nilitamani kumzaba kibao yeyote aliyemfundisha huyu binti adabu kiasi hicho.

"Nimemeza," Leta alisema. "Muuguzi?"

"Nipo, mwanangu."

"Hiyo kumi yangu, bado itawafaa?"

"Itatufaa," Orysia alijibu, akaanza kulia. Ikabidi nimpokonye simu nikae na Leta mimi.