Mashine Iliyotengenezewa Sakina

Petroli iliyolala muda mrefu hainuki petroli. Inanuka vanishi ya seremala iliyosahauliwa juani, na ukiivuta asubuhi kabla hujanywa chai inakukaa kooni mpaka mchana. Ndiyo harufu iliyonisimamisha Sakina, mtaa wa pembeni mwa Arusha, siku niliyotoka nyumbani Ngaramtoni nikiwa na sare ya shule na bila mpango wowote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipofika kwenye kona ya kuelekea shuleni, miguu ilikataa kuikata, nikaendelea na barabara ya Nairobi kushuka mjini. Sikuwa nimepigwa wala kugombana na mtu. Nilitaka tu kuona kilichoko mbele, ugonjwa ambao haujanitoka mpaka leo. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni, vumbi la mabasi ya Namanga lilinipaka usoni, na baridi ya Julai iliniuma magoti. Pua ndiyo iliyoniingiza kwenye gereji ya Mjomba Lomayani, mdogo wake mama, fundi pikipiki aliyefanyia kazi chini ya turubai pembeni mwa kontena lililopoteza milango yake. Katikati ya uwanja wake, kwenye mdomo wa pipa lililojaa maji, ilikuwa imefungwa mashine ya boti.

Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo, rangi ya kijani ikimenyuka, shingo ndefu ikizama majini na mwisho wake feni ya shaba. Nilimwamkia mjomba. Aliitikia bila kugeuka, kisha akaniuliza, "Ero, shule imefungwa?" Ero ndivyo wazee wetu wanavyowaita wavulana. Nikamwambia haijafungwa. Alitazama sare yangu, akanipa tochi. "Basi mulika hapa." Hakuniuliza zaidi siku ile wala siku zilizofuata, na baadaye mama alimlaumu kwa hilo kuliko alivyonilaumu mimi.

Mashine ilikuwa ya Mama Elibariki, mjane aliyeleta Arusha perege wakavu kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, kule bondeni kusini mwa Moshi. Mumewe alimwachia boti na mashine hiyo iliyokuwa na umri wa kumpita mjomba. Bwawani wanunuzi huja alfajiri na magari yao na kuondoka mapema. Mwenye mashine huwawahi, mwenye kasia hufika wakiwa wameshakwenda. Elibariki, mtoto wake wa pekee, alikuwa mwenye kasia. "Fundi, viganja vya mwanangu vimekuwa kama nyayo," alimwambia mjomba. "Mafundi wa kwetu wameichoka. Wewe ukishindwa, namuuzia shemeji yangu boti."

Mashine yenyewe ilikuwa na tabia moja. Ukivuta kamba inawaka, inacheka kidogo, inatapika petroli, inazima. Mjomba hakuwa na haraka nayo. Kwanza alichomoa mpira wa petroli na kuuelekeza kwenye kikombe, akaona mafuta yanakuja vizuri, akasema tangi na mpira havina kosa. Ndipo akafungua kabureta, kile kikombe kidogo ambamo petroli huchanganyika na hewa, akaipanga vipande vipande juu ya kitenge chakavu kwa mpangilio wa kuvitoa, nami nikikatazwa hata kupiga chafya. Chini ya bakuli lake kulikuwa na utomvu wa rangi ya asali, petroli ya miaka iliyogeuka gundi. Vitundu vya jeti, vinavyopitisha petroli, vilikuwa vimeziba, akavizibua kwa uzi mmoja wa waya aliouchambua kutoka kwenye kebo ya klachi. Ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye kielea. Kilitengenezwa kwa gome jepesi kama la vizibo vya chupa, kazi yake ni kupanda petroli inapojaa na kufunga njia, lakini kilikuwa kimelewa petroli kikazama kama jiwe. Tulikianika juu ya kontena mpaka kikawa chepesi, mjomba akakipaka vanishi, tukasubiri ikauke.

Madereva wa pikipiki walipata pa kupitishia muda. "Lomayani, bahari imehamia Sakina?" aliuliza mmoja. Mwingine akamjibu kwamba Waarusha wamechoka na ng'ombe, sasa wanafuga papa. Mjomba aliwaambia meli ikifika wao ndio watakaobeba mizigo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kila asubuhi nilitoka nyumbani na daftari, na kila asubuhi nikaishia kwenye pipa lile. Nilikuwa na furaha ambayo darasani sijawahi kuipata, kwa sababu pale swali lilijibiwa na kitu unachoweza kukishika.

Kabureta iliporudishwa, mashine iliwaka na haikuzima, ila ilitoa moshi mzito na plagi, ile ya kutoa cheche, ikatoka nyeusi, imelowa. Ilikuwa inakunywa petroli nyingi mno. Mbele yake kulikuwa na sindano mbili zenye vishikio, moja ya mwendo wa taratibu na moja ya kasi. Mjomba alizifunga kidogo kidogo huku nikishika mfuniko wa mashine na kumwambia sauti inavyobadilika. Alisema nina sikio. Ilipofika mahali ikalia safi, maji ya pipa yakatulowesha wote, hata wale madereva walipiga makofi. Mama Elibariki alipokuja kuichukua, aliishika kichwani kama mtu anayembariki mtoto. Mjomba, akiwa amelewa sifa, akamwambia, "Mwambie kijana makasia sasa ayafanye kuni." Mama Elibariki akacheka. Tukaifunga kwenye godoro kuukuu, ikapanda basi.

Mama Elibariki alirudi mvua za vuli zilipoanza. Aliiweka mashine mbele ya kontena na kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za jirani. Elibariki na mwenzake walikwenda nayo mbali kwenye nyavu za kina. Ikawapeleka vizuri, kisha ikaanza kukohoa, ikapata joto, ikakaza kabisa, kamba haivutiki. Upepo ukawasukuma. Usiku kucha walikuwa wakichota kwa kopo maji yaliyoingia botini. Watu wa nyavu waliwakuta asubuhi wamenasa kwenye matete, wazima, lakini Elibariki hakutaka tena kuona maji. Alikwenda Moshi kutafuta kibarua na hakuaga vizuri.

"Makasia yalikuwa wapi?" mjomba aliuliza.

"Uliniambia nimwambie ayafanye kuni," alisema Mama Elibariki. "Hakuyachoma. Aliyaacha tu nyumbani."

Mjomba alivaa miwani yake ingawa hakuwa na kitu cha kutazama. Na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi mashine kurudi. Wakati mama wa watu anafuta uso kwa ncha ya kanga, mimi nilikuwa nahesabu boliti kwa macho, nikitamani waende wakanywe chai ili tufungue. Sikufanya kosa ambalo mtu angenishtaki nalo. Lakini furaha ile, mbele ya uso ule, nimeibeba kila nilikokwenda.

Plagi ilitoka nyeupe kama chaki. Mjomba aliigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena, kisha akakaa chini kwenye vumbi.

"Mama, mashine hii niliitengenezea Sakina."

Alimweleza polepole. Huku kwetu juu, ubavuni mwa mlima, hewa ni nyepesi, na mashine hutaka petroli kidogo. Ndiyo maana ilikuwa inatoa moshi, ndiyo maana alizibana zile sindano. Bondeni hewa ni nzito na joto ni kali, ikabaki na kiu, ikaungua ndani. Pikipiki zote alizowahi kutengeneza ziliishi hapa hapa, zikapanda Ngaramtoni na kushuka Sombetini. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Moshi. Haikumpitia kichwani kwamba sauti nzuri ya pale kwenye pipa ni nzuri kwa pale tu.

"Sasa fundi," alisema Mama Elibariki, "samaki wangu hawako Sakina."

"Nitaifuata mpaka kwenye maji yake," alisema mjomba.

Alisugua pistoni iliyokwaruzika kwa msasa laini, akafunga gereji, tukasafiri. Mama yangu alidhani niko shule na kwamba usiku nitalala kwa mjomba, na alipojua, shule nilikuwa nimeshaiacha moja kwa moja. Tulifika bwawani jua likiwa kali kiasi kwamba harufu ya samaki ilikuwa kama ukuta. Mjomba aliifunga mashine kwenye boti, akamwomba mvuvi mmoja asogee naye karibu na ukingo tu, makasia yakiwa ndani, akafungua sindano kidogo, akasikiliza, akafungua tena. Plagi ilitoka rangi ya chai ya maziwa, rangi inayotakiwa. Mvuvi akasema sasa imepona. Mjomba aliitikia kwa kichwa, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Siku hizi pikipiki nyingi mpya, na hata mashine za boti, hazina kabureta. Zina kifaa kinachopima hewa, hujirekebisha zenyewe, hupanda mlimani na kushuka bondeni bila kumuuliza mtu. Nimezifanyia kazi katika miji mingi, nikikaa mwezi hapa, msimu kule, na nakubali ni bora. Mtoto wa mtu hawezi kukwama majini kwa sababu fundi hajawahi kutoka kwao. Lakini pia sioni fundi anayefunga kazi yake na kulifuata kosa mpaka lilipotokea, akalala huko.

Maana tulilala huko. Pale ukingoni hapakuwa na nyumba ya wageni, na mwanga ulikuwa unaondoka. Mama Elibariki alitutangulia kwenye nyumba yake ya tofali za udongo, akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kwenye msumari lilining'inia shati la kijana, na pembeni ya ukuta viatu vilivyosafishwa. Mjomba alisimama mlangoni, akasema yeye atalala barazani, joto limemzidi. Mama hakumbembeleza.

"Wewe lala, mwanangu," aliniambia. "Hakuna anayelala hapo."

Nikalala. Nilikuwa nimechoka, kitanda kilikuwa laini, na nililala vizuri kabisa.