Radi Kando ya Ziwa la Juu

Shemeji yangu alipandisha ng'ombe wake mlimani kwa sababu ya majambazi. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati makambi yamejaa wakimbizi kutoka Burundi, na bunduki zilikuwa zimevuka mpaka pamoja na watu waliokuwa wakizikimbia. Sisemi hivi kuwalaumu wakimbizi. Mama yangu mwenyewe alizaliwa ng'ambo, akaletwa upande huu akiwa mgongoni. Nasema tu ilivyokuwa. Kwenye njia ya kwenda Kasulu watu walivamiwa mchana kweupe. Jirani wa shemeji alifunguliwa zizi, ng'ombe wote wakaswagwa, na mkewe akapigwa kitako cha bunduki mdomoni kwa kupiga yowe. Tangu siku ile shemeji hakupata usingizi wa maana.

"Tutapanda ziwani," alimwambia dada yangu. "Kule hakuna barabara. Tutakaa mpaka mvua zioteshe majani ya huku chini, na huenda mpaka hapo serikali itakuwa imeleta askari."

Nilikuwepo alipolisema hilo, kwa sababu wakati ule nilikuwa naishi kwao. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na baba akanipeleka kwa dada nikamsaidie kulea. Mtoto wao, msichana, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta.

Mama mkwe wa dada hakutaka safari ile. Alilima peke yake kama mjane, na alikuwa mke wa mtu kwa jina tu, maana mumewe alikuwa mtu wa kahawa na minada, akirudi nyumbani kubadilisha shati. Mji wote ulikuwa mikononi mwake. Tangu dada aolewe hakuwahi kupika chakula kikasifiwa. Ugali ulikuwa laini, au mgumu. Maharage yalikuwa na mchanga. Dada alishazoea kula akiwa ameinama. Kwa hiyo shemeji alipotangaza safari, mama yake alimtazama dada, si yeye.

"Umempata," alisema. "Umepata njia ya kumtoa kwangu."

Dada alikuwa anamfunga mtoto kanga mgongoni na nadhani alikaza zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu mtoto alilia.

Ziwa lenyewe si kubwa. Watu waliliita ziwa la juu, basi. Unapanda kwa saa nyingi katika nyasi ndefu, miguu inakatika, mpaka unadhani mlima umekwisha na hakuna kitu. Halafu ardhi inainama mbele yako na unaona maji meusi yametulia katikati ya matete, kama mtu ameyaficha pale. Upepo wa kule ulikuwa wa baridi hata jua likiwa utosini. Asubuhi ukungu ulifunika kila kitu. Tulisikia ng'ombe wakikohoa hatua chache kutoka mlangoni na hatukuwaona.

Shemeji alijenga kibanda cha miti na nyasi, na zizi la miiba pembeni. Kulikuwa na mti mmoja mkubwa ukingoni, peke yake. Chini yake alifunga ndama. Tulilala juu ya nyasi kavu, moto katikati, moshi ukitutoa machozi. Alikuwa na koti zito la mtumba, la kizungu, lenye vifungo vya shaba. Akimaliza kukamua alilivua na kumfunika mtoto. Tulikula ugali wa muhogo na mtindi, siku nyingine na dagaa tuliopanda nao. Maji ya ziwa yaliuma mikono. Nikifua nguo nilikuwa nikitia vidole kwapani, navipasha moto, ndipo naendelea.

Upande wa machweo tuliona milima ya Burundi. Siku nyingine moshi uliinuka kule, si wa kuchoma mashamba. Tulisikia pia milio. Mwanzoni nilidhani ni ngurumo, nikawa nakimbilia kuanua nguo, shemeji akanicheka.

"Hiyo si mvua, mdogo wangu. Ngurumo huvuta maneno yake. Hiyo imekatika."

Nikajifunza kutofautisha ngurumo na mizinga.

Lakini lazima niseme na hili. Kule juu, katika baridi ile na moshi ule, ndipo nilipomsikia dada akicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alipika ugali, mumewe akala, akasema umeiva vizuri. Alipomaliza akasema tena. Jioni walikaa nje wakigombana juu ya jina la kumpa ndama aliyezaliwa, kama watoto. Dada alinenepa kidogo usoni. Nilianza kufikiri kwamba labda wangejenga nyumba yao huko huko, au mahali pengine popote, mbali na ule mji.

Mvua za kwanza zilichelewa. Mawingu yalikuja kila mchana, yakazunguka, yakaondoka. Ng'ombe walikonda. Shemeji alisema tukipata mvua mbili za nguvu tutashuka.

Siku yenyewe joto lilikuwa baya, kitu cha ajabu kwa mahali pale. Nzi waliuma. Baada ya chakula cha mchana dada alichukua ndoo akaenda kuteka maji upande wa pili wa matete, ambako ng'ombe hawakuyachafua. Alimbeba mtoto. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda nachambua maharage. Wingu likaja kwa haraka kutoka Burundi, jeusi chini, na upepo mbele yake. Nilimsikia shemeji akisema, "Ndama!" akakimbilia kwenye ule mti kuwafungua.

Sikusikia ngurumo. Watu huniuliza kila mara, na hawaniamini. Niliona weupe, ukaingia katika kila tundu la nyasi za kibanda, na nikajikuta nimekaa chini upande mwingine wa moto, maharage yamemwagika kifuani kwangu. Masikio yalikuwa yamezibika. Halafu mvua ikaanguka kama mawe.

Nilitoka nikitambaa. Mti ulikuwa umechanwa kutoka juu mpaka chini, na mti mbichi wa ndani ulikuwa mweupe. Ndama walikuwa wamelala pamoja, miguu imenyooka, na ng'ombe wawili wakubwa karibu nao. Shemeji alikuwa amepiga magoti, paji la uso chini, kama mtu anayesali kwa namna ya Waislamu wa mjini. Nikafikiri anatafuta kamba. Nilimwita. Nilipomgusa bega aliangukia ubavu. Koti lake, ambalo mchana hakuliacha hata kwenye joto, lilikuwa linatoa moshi kwenye vifungo.

Dada alikuja akikimbia na mtoto, ndoo ameitupa. Hakupiga yowe. Alikaa kwenye tope, akamweka mumewe kichwa mapajani, akamfuta maji usoni, na mvua ikayarudisha, akayafuta tena. Mwishowe akaniambia, "Shuka. Waite watu. Mwambie mama yake kabla hujamwambia mtu mwingine."

"Na wewe?"

"Nitamwachaje hapa na fisi?"

Nikashuka. Nilitaka kumchukua mtoto, akakataa. Alisema mtoto ananyonya na mimi nitateleza. Nilifika chini nimejaa matope mpaka kichwani, giza linaingia. Mama mkwe alikuwa jikoni. Nilimwambia kama nilivyoagizwa. Alishika nguzo ya mlango akauliza swali moja tu.

"Na yeye je?"

"Nani, mama?"

"Mkewe. Radi imemwacha?"

"Alikuwa ameenda kuteka maji."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa alichokuwa akikitarajia.

Wanaume wa ukoo walikusanyika, lakini hawakupanda. Kwa desturi yao aliyeuawa na inkuba, ndivyo radi inavyoitwa kwa Kiha, haguswi mpaka mganga atangulie. Mganga alikaa mbali, akaja kesho yake jua limeshapanda. Nilimwomba mmoja wao, mdogo wa marehemu, twende sisi wawili tu, tumpelekee dada blanketi. Alitazama chini. "Ningekwenda," alisema, "lakini nina watoto."

Basi dada alilala kule peke yake, na mtoto, na maiti ya mumewe. Hakuwahi kunisimulia usiku ule. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, tukiwa tunapalilia, alisema kwamba kuni ziliisha, akachoma kibanda kidogo kidogo, akivuta nyasi na kutia motoni, mpaka kulipokucha kilikuwa kimebaki miti. Akaendelea kupalilia.

Tulizika siku iliyofuata. Hatukuruhusiwa kulia. Mganga alisema ukilia unaiita irudi. Katekista wa kigango alikuja akasoma sala, lakini alisimama mbali na kaburi kidogo, na alipomaliza aliondoka bila kula. Dada alisimama na kanga mdomoni, akiitafuna. Nilipoiona baadaye ilikuwa na matundu.

Baada ya mazishi kilifuata kikao. Baba yetu alikuwa amefika kwa miguu kutoka upande wa Buhigwe, vumbi mpaka magotini, na hakupewa hata maji. Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza.

"Mwanangu hakuwa na ugomvi na mtu. Aliishi kwangu, radi haikumwona. Huyu akamtoa, akampeleka juu ya mlima mrefu kuliko yote. Wingu linakuja, mke anaondoka. Radi inapiga, mke yuko mbali. Niambieni, ninyi mna macho."

"Majambazi ndio waliowapeleka kule," baba alisema. "Kila mtu hapa anajua."

"Majambazi hawaleti inkuba."

Wakaniita mimi. Mzee mmoja, mtu mpole, aliniuliza kwa sauti ya chini nani alikuwa wapi. Nikaeleza yote: maharage, ndoo, ndama. Nilieleza vizuri, kwa sababu nilidhani ukweli ungemwokoa. Yule mzee akawageukia wenzake akasema, "Mnasikia. Alitoka kabla ya mvua," na niliona nyuso zikifungika, mmoja baada ya mwingine.

Dada hakujitetea. Aliulizwa kama ana neno, akasema, "Mume wangu alikuwa anawapenda ndama." Ni hilo tu. Watu wakanung'unika kwamba hiyo si lugha ya mjane.

Waliamua aondoke siku ile ile. Mtoto ni wa ukoo, abaki. Baba aliomba wamwache mtoto anyonye angalau mpaka aache mwenyewe. Mama mkwe akajibu, "Anyonye nini? Sumu?" Akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwa dada. Dada alifungua fundo la kanga kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa yule mama alikuwa anavuta na mtoto alikuwa anaumia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi watatu. Njiani maziwa yalimjaa dada, yakalowesha blauzi. Tulipofika kijito alisimama, akageukia vichaka, akayakamua chini. Baba alitembea mbele, hakugeuka.

Miaka ikafuata, ya kawaida. Dada alilima, akauza mihogo na ndizi kwa wakimbizi, akajifunza Kiswahili cha Wakongo wa kambini mpaka tukawa tunamtania. Siku za gulio alikuwa akienda mbali, kwenye gulio la upande wa wakwe zake, ingawa la kwetu lilikuwa karibu. Alipanga ndizi zake mahali ambapo angeweza kuiona njia. Baadhi ya siku alimwona mtoto akipita, ameshikwa mkono. Alirudi akasema, "Ameota meno," au, "Amenyolewa." Mwanamume mmoja mjane wa Kagerankanda alileta posa, mtu mzuri, baba akapenda. Dada alikataa. Alisema hawezi kuzaa tena huku yule wa kwanza anamwona akikua kwa mbali, barabarani.

Mama mkwe alikufa kwa tumbo la kuhara, mwaka ambao watu wengi walikufa hivyo. Hakuna aliyesema ni uchawi wa nani. Walikuwa wengi mno. Baada ya msiba mumewe, yule mzee wa minada, alijikuta na mjukuu, na mke mpya ambaye hakumtaka mtoto. Asubuhi moja alifika kwetu na baiskeli, msichana ameketi nyuma juu ya gunia, meno ya mbele yameng'oka. Hakuingia ndani. Alisema, "Nimemleta. Msamehe marehemu, alikuwa na uchungu wa mwana." Akageuza baiskeli.

Dada alikuwa uani, amekaa mkekani akipukuchua mahindi. Mikono yake ilisimama. Msichana akaja mpaka ukingoni mwa mkeka, akapiga goti kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, shangazi."

Nilitaka kusema kitu. Dada alinizuia kwa macho.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekula?"

"Sijala."

Dada akainuka kwenda jikoni, akashika ukuta njiani. Kulikuwa na viazi vya jana. Akavipasha, akampa kwenye sahani ya bati, akakaa mbali naye kidogo ili asimwogopeshe. Mtoto alikula haraka, akitazama chini, amekizungushia mkono chakula chake kama watoto wanaonyang'anywa. Ilipita masika nzima kabla hajamwita mama, na hata alipoanza, mara nyingine alikosea akarudi kwenye shangazi, na dada aliitikia yote mawili.