Mzigo Wako Unatembea

Mama yangu aliniachia urithi wa aina mbili: uso mkali na ujuzi wa kupakia vyungu. Uso sikuuchagua. Ule ujuzi niliujivunia mpaka ukanivunjia mume.

Vyungu vyetu vilitoka ziwani, vikapanda milima migongoni mwa wanawake, na mama alivipokea Njombe na kuvipeleka kwenye minada ya Kifanya na Mdandu. Lori zilipoanza kupita mara kwa mara tukafika mpaka Makambako. Kupakia kwake kulikuwa hivi: unatandika nyasi kavu ndani ya tenga, unalaza chungu kwa ubavu, unakishindilia nyasi, unalaza kingine juu yake. Hufungi kitu. Chungu kikibanwa hupasuka. Kikiachwa kicheze kidogo ndani ya nyasi, hufika. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hiyo, vyungu nilivyovunja njiani havizidi vidole vya mkono mmoja. Watu walisema nina mkono wa baraka, nami sikuwa mtu wa kubishana na sifa.

Mume wangu alikuwa mtu wa chuma. Kabla hatujazaa alifanya kazi kwenye karakana ya reli, mbali kule upande wa Tabora, akiwa msaidizi wa mafundi wanaotengeneza vichwa vya treni. Alirudi nyumbani kumzika baba yake, mvua zikafunga barabara, akachelewa, na alipopeleka habari aliambiwa nafasi yake ina mtu. Akabaki Njombe akichubua magome ya miti ya miwati kwenye mashamba ya Wazungu, kazi ya panga na mgongo, isiyohitaji akili hata kidogo. Hakulalamika. Ila kila alipopita penye lori lililoharibika alisimama, akainama, akasikiliza, hata kama hakuna aliyemwita.

Kisha ikaja barua. Mzungu aliyekuwa msimamizi wake kule karakana, mzee aliyeandika Kiswahili chake mwenyewe kwa herufi kubwakubwa, alisema kwamba nafasi za mafundi wa Kiafrika zinafunguliwa, na kwamba anayetaka aoneshe kazi ya mikono yake. Mwenyewe alikuwa anarudi kwao mwisho wa kiangazi cha tatu tangu barua ile. Mpaka siku hiyo angeweza kumsemea. Baada ya hapo asingejua nani atakaa kwenye kiti chake.

Basi mume wangu akaunda kichwa cha treni. Kidogo, urefu wake kama mtoto wa miaka mitatu akilala, lakini cha chuma na shaba kweli, chenye tangi la mvuke, bomba la moshi, kibanda cha dereva na magurudumu sita yanayozunguka pamoja. Chuma cha chini alikikata kwenye springi za lori bovu. Magurudumu yalimiminwa na mhunzi mzee wa Kipangwa, na mume wangu akayasawazisha kwa tupa, jioni baada ya jioni, nyuma ya jiko langu. Jumapili hakugusa tupa kwa kuwa tulikuwa watu wa kanisa, lakini alitoka ibadani akaenda kuketi mbele ya kichwa chake na kukitazama. Kiangazi cha tatu kilipofika, kichwa kilikuwa kimekwisha na kimepakwa rangi nyeusi. Kukibeba kulitaka wanaume wawili na mti begani.

Yeye mwenyewe hakuweza kukipeleka. Kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilikuwa hakijajaa, na kuondoka kabla kipande hakijajaa lilikuwa kosa la kupelekwa bomani. Ikabidi kichwa kisafiri peke yake: lori la Njombe mpaka Makambako, lori jingine mpaka Iringa na Dodoma, kisha treni. Mimi nilikuwa nakwenda Makambako na vyungu vyangu, kwa hiyo nikapewa kazi ya kukifikisha hapo.

“Kukifunga nakuachia wewe,” aliniambia asubuhi ile akivaa koti la kazini. “Hakuna mtu Njombe anayepakia kukushinda.”

Nimeyakumbuka maneno hayo kila siku ya maisha yangu, na kila siku yananichoma palepale.

Sanduku lilitengenezwa na fundi seremala wa misheni, mzee mpole, mwenye gundi kwenye kucha. Alikuja nalo na boriti fupi nne, mkanda wa bati na bolti. Akakizunguka kichwa mara mbili, akagusa lile tangi kwa kidole.

“Mama, hiki tukikaze kwenye ubao wa chini,” alisema. “Nitatoboa matundu manne kwenye chuma hiki cha chini, nipitishe bolti. Magurudumu nitayazibia kwa mbao mbele na nyuma.”

“Utoboe kazi ya mume wangu?” nikamwuliza. “Miaka mitatu ametumia tupa, wewe uje na keekee?”

“Basi nikifunge kwa mkanda.”

“Mkanda utakwangua rangi. Fundi, mimi nasafirisha vyungu tangu sijaolewa. Chungu na hiki, kipi chepesi kuvunjika?”

Mzee akacheka kidogo, kwa heshima. “Chungu hulazwa, mama. Chuma hufungwa.”

Nikamjibu kwamba akimaliza kunifundisha kupakia, jioni aje na kunifundisha kupika. Majirani waliokuwa uani walicheka. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limezibwa na vicheko hivyo. Nikatandika nyasi kavu, nyingi, nzuri, nilizozikata mwenyewe. Nikakilaza, nikakishindilia nyasi pande zote mpaka hakionekani. Yule fundi akapigilia kifuniko, akaokota boriti zake nne na kuondoka nazo.

Barabara ya Makambako siku hizo ilikuwa vijituta vidogovidogo mwanzo mpaka mwisho, na lori lilitetemeka juu yake saa zote. Nilikaa nyuma, juu ya magunia, matenga yangu mbele na sanduku pembeni. Kwa kelele za lori sikusikia kitu. Niliimba hata nyimbo. Tulipofika, upepo wa Makambako ulikuwa umejaa vumbi, na wapagazi wawili walikuja kushusha. Kamwene, kamwene, tukasalimiana. Walishusha matenga, na hakuna chungu hata kimoja kilichovunjika. Kisha wakainua sanduku, upande mmoja ukatangulia, na ndani kitu kikasema *gu*.

Mpagazi mmoja, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, alisimama. Akaliinamisha tena taratibu, upande wa pili. *Gu*.

“Mama,” akasema, “mzigo wako unatembea.”

Nilijua. Hapa sitaki kujitetea, maana nimejitetea vya kutosha moyoni. Nilijua papo hapo. Chungu ni chepesi, nyasi hukibeba. Lakini uzito ule ulikuwa umezikanyaga nyasi zangu kwa nusu siku mpaka zikawa pumba, na sasa ndani ya sanduku palikuwa na chuma na nafasi. Ilikuwa bado adhuhuri. Lori la Iringa lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Palepale kando ya uwanja kulikuwa na mtu anayetengeneza vitanda, ana misumari, ana mbao, ana msumeno. Kulikuwa na kamba za kila namna. Ningeweza kufungua kifuniko, nikaomba msaada, na kabla jua halijazama kichwa kingekuwa kimebanwa kama ng'ombe anayechinjwa.

Sikufungua. Nilifikiria habari zitakavyorudi Njombe, jinsi fundi wa misheni atakavyosikia, asivyosema kitu, na ule upole wake. Niliwaona majirani wangu wakicheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Nikajiambia kwamba nyasi zikishatulia hushika, kama zinavyoshika matengani. Nikajiambia ni magurudumu tu yanazunguka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

“Ni chuma,” nikamwambia mpagazi. “Chuma hulia.”

Akanitazama, akainua mabega. Karani wa mizigo akaja na karatasi yake, akaniuliza kama mzigo umefungwa sawasawa. Nikasema ndiyo. Nikatia dole gumba. Vyungu viliisha vyote kabla ya jioni, nikalala kwa shangazi yangu, na asubuhi nilikwenda kuliona lori likipakiwa. Waliinua sanduku, nikasikia tena. Nikageuka nikatazama njia ya Njombe mpaka lori lilipoondoka.

Nyumbani mume wangu aliuliza jambo moja tu: “Limepanda salama?” Nikasema salama.

Halafu tulingoja. Alikuwa mchangamfu siku zile kuliko nilivyowahi kumwona. Alianza kuiaga miwati, aliniambia, mti mmoja mmoja. Alizungumza juu ya nyumba za wafanyakazi wa reli zilivyojipanga, na bomba la maji uani, na shule. Nami niliitikia. Kila alipocheka nilisikia tena ile *gu*. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu alizaliwa siku ileile na nikawa nambeba mgongoni.

Sanduku lilirudi mvua za kwanza zilipoanza. Juu yake kulikuwa na barua, herufi zilezile kubwakubwa. Yule mzee alisema kichwa kilimfikia kikiwa vipande. Alisema ameyaona magurudumu na anajua ni kazi ya fundi hasa, lakini hawezi kupeleka gunia la vyuma mbele ya wakubwa wake na kuwaambia hili lilikuwa treni. Alisema anaondoka wiki hiyo. Alisema pole.

Mume wangu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kuchukua nyundo. Alifungua kifuniko mwenyewe, majirani wamejaa uani. Bomba la moshi lilikuwa limeng'oka na kutoboa kibanda cha dereva. Tangi lilikuwa limechomoka, lehemu zote zimeachia. Vyuma vya mbele vilikuwa vimepinda kurudi ndani. Gurudumu moja lilikuwa limepasuka vipande vitatu, na rangi ilikuwa imebaki mahali palipofichika tu. Chini kabisa kulikuwa na vumbi la njano, laini, lililokuwa nyasi zangu. Aliingiza mkono, akalichota, akaliacha limiminike.

“Wapagazi wamekiangusha,” alisema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikaingia jikoni, nikachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Basi ikawa hivyo. Aliyeuliza aliambiwa wapagazi. Kanisani, mnadani, kwenye vilabu vya pombe ya ulanzi, wapagazi. Mara nyingi aliongeza, “Mke wangu alikifunga vizuri sana,” nami nikiwa pembeni nakoroga chungu. Tupa zake ziliota kutu. Gurudumu moja tulilitumia kuzuia mlango wa banda la kuku. Wakati wa mvua mgongo wake ulimuuma, akawa anatembea ameinama, na alipopita penye lori bovu hakusimama tena. Hilo la kutosimama ndilo lililoniua. Nilikuwa nimeolewa na mtu mmoja, nikawa napikia mwingine, na aliyewabadilisha ni mimi.

Fundi wa misheni alifariki bila kuniambia neno.

Ilipita miaka tisa. Binti yetu mkubwa aliolewa na kijana anayefanya kazi Iringa, na wakwe wakataka cherehani yake imfuate kwa lori. Cherehani ya zamani, kichwa chake chuma kitupu. Kwa mazoea nilikata nyasi, nikazikausha, nikaja nazo uani mikono imejaa. Nikamkuta mume wangu amepiga magoti. Alikuwa ameikaza cherehani kwenye ubao mnene kwa bolti, amezibia pembeni kwa boriti nne fupi. Sikuwa nimemwona na spana tangu ule mwaka.

Hakuinua macho. “Nyasi ziache, mama,” alisema. “Chungu hulazwa. Chuma hufungwa.”

Nilizishika tu zile nyasi.

“Fundi alikwambia,” nikasema.

“Hakuniambia. Sikumwuliza. Kila fundi husema hivyo.” Akageuza spana. “Sanduku likiangushwa, kitu huumia upande mmoja. Kile kiliumia pande zote. Nilijua nilipofungua kifuniko.”

“Na wapagazi?”

“Watu walikuwa wamejaa uani. Ningesema nini mbele yao?” Akapangusa bolti kwa kidole. “Baadaye nikawa nangoja uniambie. Nilingoja sana. Halafu nikaona nakuonea. Utaniambia nini? Wewe ulifanya ulivyofundishwa na mama yako. Hukujua, na asiyejua hana kosa.”

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake kiti. Nilikuwa na Makambako nzima mdomoni: upepo, mpagazi mwenye kofia ya sufu, fundi vitanda na misumari yake, saa zote zile za mchana. Nilihitaji maneno matatu tu, yaleyale niliyoambiwa na yule mpagazi.

“Sikujua,” nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akaniomba nishike ubao upande wa pili. Nikaweka nyasi chini, nikashika, naye akakaza bolti ya mwisho.