Leo ndugu yangu amefuta kicheko cha Mama

Jamani, niambieni kama nimekosea kukasirika.

Kim, huyo ndugu yangu, anajaribu mtambo wa kuchuja picha mtandaoni. Picha ikigusa sheria mbili, moja ya kuonya na nyingine ya kufuta, kufuta ndiko kunakofaa kushinda.

Badala ya picha ya kubuni, akachukua ya marehemu Mama kwa ukurasa wangu. Anachinja kuku wa Krismasi, anacheka.

Kisu: onyo. Damu: futa. Ikafutika kabisa hapo kwa ukurasa wangu.

"Siz, imefaulu!"

"Na picha iko wapi?"

"Kwani huna ingine?"

Sina ingine akiwa anacheka. Simu yangu iliyokuwa na hiyo picha iliibiwa, anajua. Kwa zile zingine Mama amekaza uso kama wa kitambulisho.

Na aliyemshikia kuku miguu siku hiyo, akicheka naye, ni Kim.

Nyinyi mngemjibu nini?