Meno ya Mama

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi picha wa Kibiti bahasha ya negativu za marehemu baba, zile filamu zinazogeuza cheupe kuwa cheusi, aziingize kwenye kompyuta. Zote zilitoka vizuri, isipokuwa ya mama. Mtandio ulionekana, mabega yalionekana, lakini palipokuwa na uso palikuwa na weusi mtupu.

"Hapa pamesuguliwa, dada," alisema. "Nikipajaza nitakuchorea mtu mwingine. Huna nyingine?"

Sikuwa nayo. Na aliyepasugua nilimjua.

Mama alipofariki, kule Kiongoroni, wanawake walimwosha chumbani, mimi, bado mtoto mdogo, nikazuiwa mlangoni. Nilisikia maji yakimwagwa, nikanusa kafuri, basi. Siku chache baadaye niliikuta ile negativu sandukuni, nikaiinua juani. Mama alikuwa na meno meusi kama masizi. Nikajua hawakumwosha vizuri. Nikachukua majivu na kumbi la nazi, nikakaa uani nikamsugua taratibu, kama yeye alivyokuwa akisugua masufuria, mpaka weusi wote ukatoka.

Baba alirudi kutoka kukata mikoko, miguu imejaa tope. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nimemwosha, baba. Wale walimwacha na meno machafu."

Aliielekeza juani, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanipakata.

"Ametakata, mwanangu," alisema.

Kifua chake kilikuwa kikitikisika mgongoni kwangu. Nilidhani anacheka, nami nikacheka.