Siku Nne za Figo Mbovu

Mwaka waliotubadilishia dawa za VVU pale kliniki Newala, nesi aliangalia majibu ya damu yangu akaguna. Kreatinini ilikuwa imepanda. Hiyo ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye mkojo, na ikijaa kwenye damu wa kwanza kulaumiwa ni figo.

"Mwalimu, maji hunywi," alisema.

Kumwambia mtu wa Newala, ambako maji hununuliwa kwa dumu, kwamba hanywi maji ni kumtafutia ugomvi. Nilimjibu aniletee dumu mbili nyumbani, nitazinywa mbele yake. Hakucheka. Aliniandikia niende Masasi.

Jioni hiyo nilimpigia binti yangu, mwanangu pekee, anayefanya kazi Mwanza. Tangu baba yake afariki alikuwa akipiga kila Jumapili, shikamoo, marahaba, dakika tano zimekwisha. Safari hii nikasema figo. Akalia. Akasema ataomba ruhusa aje, na ikibidi atanipa figo yake moja. Nilimkataza kusema mambo hayo, lakini kesho yake nilifua mapazia, na Newala watu hawafui mapazia ovyo.

Masasi nilipokelewa na daktari aliyekuwa kwenye utafiti wa dawa hizo mpya. Nilidhani atanipa kidonge cha kuzijaribu figo, lakini alichukua damu na mkojo tu. Nikamuuliza atapimaje bila dawa.

"Mwili wako una vitu unavyovitengeneza wenyewe, Mama," alisema. "Hivyo ndivyo vitatuambia."

Jumatatu nilirudi kufuata majibu. Alinichorea figo kwenye karatasi, na vilango pembeni. Kreatinini hupita mlango huu, akasema, na dawa yako mpya inaubana, ndiyo maana taka inachelewa kutoka. Lakini kuna kitu kingine cha mwili wako mwenyewe, kisichopita mlango huu, na hicho hakijapanda hata kidogo. Figo zako nzima. Endelea na dawa.

Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la stendi. Badala ya kufurahi nilihisi nimenyang'anywa kitu. Nilijua nikipiga simu, safari ya binti yangu imekufa.

Sikupiga. Jumanne alipiga yeye, akauliza nimekula nini. Jumatano akauliza nimelalaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimelalaje tangu nimzike mume wangu. Nilimjibu kwa sauti ya mgonjwa, mimi niliyechapa watoto wa watu waliposingizia kuumwa tumbo. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Alhamisi akasema ruhusa imetoka, kesho anakata tiketi. Ijumaa asubuhi nilimuwahi. Nilimweleza yote, mpaka habari za mlango. Alimshukuru Mungu sana, nikamsikia akipumua. Kisha akasema kwa kweli kazini kumebana, basi atajaribu kuja mwisho wa mwaka. Nikamwambia hakuna shida.

"Majibu umepewa leo?" akauliza.

"Jumatatu."

Nilimsikia akihesabu, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Mama, kwa nini hukuniambia tu kwamba unataka nije?"

Nilimwambia simu inaisha chaji, nikakata. Ilikuwa imejaa.