Mbwa Aliyeitwa Mulinisahau

Zamani mtu wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, aliyekosewa na jirani alimpa mbwa wake jina la lile kosa, akaliita asubuhi na jioni mpaka jirani akaona haya na kuja na kuku wa kuomba radhi. Siku hizi mtu huyo huyo huenda kortini, na mbwa wake anaitwa Bobi.

Asanasio alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kushika mbwa. Daktari wa mifugo alikuja na sindano, Asanasio akashika: mkono mmoja nyuma ya masikio, mwingine chini ya kifua, huku akimnong'onezea mnyama maneno ambayo hata daktari hakuyasikia. Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipofariki. Kusoma alijiendeleza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa chumvi na kwa kitabu kimoja cha magonjwa ya wanyama ambacho mchwa walikuwa wamekula jalada lake. Yeye ndiye aliyeandika daftari la chanjo. Ukilifungua lile la miaka ya sabini, unasoma ugomvi wa tarafa nzima. Ulikula Peke Yako, chanjo moja. Mpaka Umeuona, chanjo moja. Mungu Si Shemeji Yako, chanjo mbili, maana ugomvi huo ulidumu hadi mbwa wa pili.

Daftari la mwisho, kabla hajastaafishwa kwa barua ya mistari mitatu, lina Bobi kumi na wanne, Taiga tisa na Komando mmoja. Si kwamba watu waliacha kukoseana. Waliacha kuona haya, na mtu asiye na haya hata ukimwita mbwa wako kwa jina la baba yake atapita tu akitazama simu.

Kwa hiyo mwaka 2014, mama mzee Ithungu alipokufa kule mlimani juu ya Bwera, Asanasio hakuhitaji kuuliza kwa nini mbwa wa marehemu aliitwa Mulinisahau. Kijiji kizima kilijua. Ithungu alizaa watoto sita, akawasomesha wote kwa kahawa, na wote sita wakateremka mlima na kuwa watu wa Kampala. Miaka mitano aliliita jina hilo kila magharibi, uso kaelekeza barabarani, na barabara haikumjibu. Siku ya mazishi walikuja wote sita, na suti. Shamba waliliuza kabla matanga hayajaondolewa.

Mbwa hawakumgawana. Alikuwa jike dogo la rangi ya udongo, akalala mlangoni kwa marehemu, na vibarua wa mnunuzi walipokuja kubomoa nyumba wakamfukuza kwa mipini ya majembe. Akarudi. Wakampiga tena. Siku ya nne hakwenda mlangoni. Aliingia chini ya kichanja cha kuanikia kahawa, na tangu hapo mtu akiinua mkono hata kujikuna kichwa, mbwa alijikojolea.

Wakamwita Asanasio. "Mzee, mugonjwa wako iko pale chini," kibarua mmoja alimwambia. "Sisi tunataka kuchoma ile miti leo."

"Mutangoja."

"Tungoje nini? Mbwa?"

"Mutangoja," alisema Asanasio, akaketi.

Alikaa siku tisa. Alimpa mbwa mgongo, akala ugali wake wa muhogo na samaki mkavu, akitupa tonge nyuma bila kugeuka, kama mtu anayelisha mzimu. Vibarua walimcheka hadi wakachoka. Siku ya tisa aliita lile jina polepole, kwa sauti nyembamba ya kuiga mwanamke, na pua baridi ikamgusa kiwiko.

Kumpata ilikuwa kazi. Kumweka ndiyo ilikuwa taabu. Asanasio alikuwa amepanga chumba kimoja mjini Bwera, uani kwa Naswiba, mke wa mwuza mitumba, nyumba ya watu wa swala tano.

"Mzee wangu, nakuheshimu kama baba," alisema Naswiba, akiwa amekusanya gauni lake mkononi. "Lakini hii kitu ikigusa mukeka ya swala, mimi na wewe tutahama sote."

"Ni siku chache tu, mwanangu. Namtafutia kwake."

"Basi ikae nyuma ya choo. Jina lake nani?"

"Mulinisahau."

Naswiba aliliachia gauni. Halafu akasema, "Mimi nilimpigia mama simu juzi."

"Sijakuuliza."

"Najua hujaniuliza."

Siku hizo tangazo lilikuwa limebandikwa sokoni. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeonekana, na ifikapo tarehe mosi Julai mbwa yeyote asiye na mwenyewe atatupiwa nyama yenye sumu. Asanasio alilisoma mara mbili. Zamani kichaa kikizuka, yeye na daktari walipanda mlima na chanjo ndani ya masanduku ya barafu, kijiji kwa kijiji, mpaka mbwa wa mwisho. Sasa sumu ilikuwa rahisi kuliko barafu. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili.

Asanasio alimwendea kwanza Aziz, mwenye malori matatu mjini Kasese, ambaye alisemekana anatafuta mbwa wa kulinda ghala lake. Asanasio alimtia mbwa ndani ya tenga la kuku, akapanda naye lori la kahawa.

"Iko kali?" Aziz aliuliza.

"Hapana. Iko mwoga."

"Inabweka?"

"Inalia kidogo."

Aziz alicheka. "Mzee, ungekuwa unauza ng'ombe ungesema haina maziwa!"

"Siuzi. Na mbwa mwoga humsikia mwizi angali kwao anavaa viatu."

Neno hilo lilimpendeza Aziz. Wakaelewana: sanduku nyuma ya ghala, makombo ya chakula cha madereva, na asifungwe mnyororo. Asanasio alikuwa ameshaanza kutabasamu lori moja lilipopiga honi langoni. Mbwa akaruka kutoka tengani, akajitupa chini ya lori jingine ambalo injini yake ilikuwa inanguruma. Asanasio akapiga magoti kwenye grisi, akaita.

Aziz alisogea. "Umesema nini?"

"Namwita mbwa. Mulinisahau! Njoo, mama, njoo."

"Nani amekutuma?"

"Ni jina lake."

"Usinichezee, mzee. Ni mama amekutuma kutoka Kisinga? Mwambie nilimpelekea sukari ya Idi!"

Dereva mmoja aliyekuwa akila chapati dirishani akauliza kwa upole, "Bosi, ile sukari ilikuwa ya Idi ya mwaka gani?"

Madereva wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichofunga mlango. Mtu husamehe tusi, hasamehi mashahidi. "Badilisha jina," Aziz alisema akielekea ofisini bila kugeuka, "ndipo uje tuongee."

Asanasio alijaribu. Siku nne, nyuma ya choo cha Naswiba, alimwita mbwa Neema. Mbwa alitazama huku na huku kumtafuta huyo Neema, kisha akajikunja ukutani, na siku tatu hakugusa chakula. Vitu vingine vyote vya Ithungu vilikuwa vimeuzwa; jina hilo tu ndilo lililobaki. Asanasio akaona haya kwa niaba ya watu wote, akarudia jina la zamani, na mbwa akala.

Basi akaendelea kuzunguka. Mwenye mashine ya kusaga alisema ana mzio wa manyoya. Katekista alimsikiliza vizuri mpaka aliposikia jina, akasema kwamba mama yake mwenyewe ndiye aliyechagua kubaki mlimani, hapendi kelele za mji, na aliyasema hayo kwa kirefu mno. Mwenye hoteli karibu na mpaka alilia kabisa, mtu mzima mwenye vitambi viwili, halafu akamwomba Asanasio aondoke na asirudi. Hakukuwa na nyumba yenye bati jipya isiyokuwa na mwanamke mzee nyuma yake, chini ya bati la kutu. Siku ya kumi na tisa Asanasio alianza kujiuliza kama sumu ile huua haraka.

Siku hiyo hiyo mwanamke wa umri wake alimsimamisha kwenye barabara ya kwenda Kasese, kando ya mafungu yake ya vitunguu. Alikuwa Bulandina, mjane wa yule mwenye mbwa Mpaka Umeuona.

"Wewe ndiye Asanasio unayezunguka ukitukana watu kwa kinywa cha mbwa?"

"Ndiye mimi."

"Hebu niite hilo jina nilisikie."

Akaliita. Bulandina alicheka mpaka akashika mlingoti wa kibanda. Halafu akamshika Asanasio mabega, akamgeuza kuelekea Kasese. "Sasa liite ukiwa umetazama huku."

Kule Kasese alikuwako Thembo, mwanawe wa pekee, mwenye duka la saruji na mabati na nyumba yenye geti. Mwaka wa tatu ulikuwa umeisha bila Thembo kuteremka kwenye gari lake pale barabarani, ingawa alipita mara nyingi.

"Miaka mitatu natafuta neno la kumwambia," alisema Bulandina, "kumbe mwenzangu alishalitunga." Akaliita mwenyewe. Mbwa aliposikia sauti ya mwanamke mzee alikuja akitambaa kwa tumbo, akaweka kidevu juu ya kiatu chake cha plastiki. Bulandina alimpa Asanasio kuku, kwa kuwa mbwa hachukuliwi mikono mitupu, na Asanasio akampokea, kwa kuwa aliyefundishwa adabu hakatai.

Mwaka ule uliofuata ulikuwa mwema, na ndio maana ni mfupi kuusimulia. Kila magharibi Bulandina alisimama kando ya barabara akaita. Mbwa alikuja mbio, kisha akaja kwa mwendo wa kawaida, kama mbwa wa watu. Vijana wa bodaboda wakalifanya jina salamu, wakipita wanapaza, "Mulinisahau, mama!" naye anawapungia kisu cha vitunguu. Asanasio alikuja kila Jumamosi, akaketi, akangoja haya ifike Kasese.

Ikafika. Mwaka 2015 Thembo aligombea udiwani. Kwenye mkutano mmoja mpinzani wake alisimama juu ya meza, akasema, "Huyu anaahidi kuwakumbuka nyinyi nyote. Mbwa wa mama yake anaitwa nani?" Na uwanja mzima ukaitika.

Siku tatu baadaye gari la Thembo lilisimama mbele ya vitunguu, na nyuma yake jingine lenye mtu wa kupiga picha. Ilikuwa Jumamosi; Asanasio alikuwapo.

"Mama, twende nyumbani," alisema Thembo.

"Hapa ni wapi?"

"Mama, tafadhali. Watu wanatazama."

"Nilikuwa nangoja watazame," alisema Bulandina, lakini tayari mikono yake ilikuwa ikikusanya vitunguu, kwa kuwa mtoto ni mtoto, na miaka minne ni mingi. "Na mbwa?"

Thembo alimtazama mbwa, aliyekuwa amejificha chini ya meza ya vitunguu. "Mbwa pia," alisema. "Mbwa hasa."

Asanasio alimshika mkono. "Mwanangu, huyu anaogopa mkono ulioinuliwa. Usimfunge mnyororo. Ukimpa chakula, geuka pembeni. Na jina lake..."

"Jina lake nalijua, mzee. Wilaya nzima inalijua."

Jioni ile Asanasio aliingia uani kwa Naswiba akitembea kama kijana. "Umeona?" alimwambia. "Mulisema mambo ya zamani yamekufa. Amekuja! Haya bado ipo."

Naswiba alikuwa akipepeta mchele. "Haya, mzee wangu," aliuliza, "ama kura?"

Thembo alishinda. Mwezi mmoja baada ya uchaguzi Asanasio alivaa koti, akaenda Kasese. Askari wa getini alimwuliza jina, nia na namba ya simu, akamwacha juani muda mrefu, kisha akamruhusu kuingia hatua kumi.

Bulandina alikuwa barazani kwenye kiti chenye mto, amevaa kitenge kipya na viatu vya ngozi. Mbwa alikuwa chini ya kiti, na mnyororo ulitoka shingoni mwake hadi kwenye nguzo ya chuma. Mkwe, aitwaye Immy, alitoka na soda kwenye sahani. Alikuwa mwanamke mpole, hakuwa na kosa lolote.

"Karibu, mzee. Umekuja kumwona Taiga?"

"Taiga nani?"

"Mbwa wetu. Ila hajui kitu. Ukimwita haji."

Asanasio alimgeukia Bulandina. "Habari za hapa, mama?"

"Nakula nyama, Asanasio. Kila Jumapili nakula nyama." Alisubiri hadi mkwe aliporudi ndani, akasema kwa sauti ya chini: "Nilimwahidi mwanangu. Yeye anilishe, mimi ninyamaze. Nimeshazeeka kukaa kwenye mvua."

Asanasio hakumlaumu. Aliinama kidogo, akakutana na macho ya mbwa gizani chini ya kiti. Masikio yalikuwa yamelala kama siku za kichanja. Akavuta pumzi, akafungua kinywa ili amwite, mara moja tu, kwa sauti nyembamba.

"Usimwite," alisema Bulandina. "Akikusikia atakuja mbio, na mnyororo huu ni mfupi."

Asanasio akafunga kinywa. Alimaliza soda, kwa kuwa kuiacha ni dharau, akaaga, akazihesabu hatua kumi za kurudi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona: mama kwenye kiti na mbwa chini yake, hakuna aliyetikisika, huku askari akilivuta geti.